Kiti cha Dereva

Nyuma ya mabanda ya viatu katika soko la Karume, Ilala, kuna kijana ambaye kila asubuhi hutandika turubai chini na kumwaga juu yake fungu la vitu vya kuchezea vya mtumba. Humo mna dubu waliotoboka tumbo, magari yasiyo na magurudumu, wanasesere wenye nywele zilizofungamana kama katani, na vipande ambavyo hata yeye hajui vimetoka kwenye nini. Siku moja nilichomoa humo ndege ya plastiki ya kijivu, bawa moja limepauka kwa jua.

"Elfu nane hiyo, mzee," akaniambia kabla sijauliza. "Kamili kabisa. Na dereva wake yumo."

Ndege huwa na rubani, lakini sikumsahihisha. Nilichungulia ndani, na kweli alikuwamo: Captain America, sentimita sita na kidogo, amekaa wima kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo. Tukamalizana kwa elfu nne.

Njia nzima kauli ile ilinikaa kichwani. Yule kijana hakuwa na habari kwamba ile ni Quinjet, ndege ya kundi la Avengers, iliyotengenezwa na Hasbro kwa ajili ya filamu ya Age of Ultron ya mwaka 2015. Alichokijua ni jambo moja la biashara: chombo chenye mtu ndani na chombo kisicho na mtu ni bidhaa mbili tofauti. Mimi nimekusanya midoli midogo ya mashujaa wa filamu pamoja na vyombo vyao kwa miaka, nikazijua inchi zake na kampuni zake, na jambo hilo halikuwahi kunijia. Nani anakaa kwenye kiti cha dereva? Nani kamweka pale, na je, anaweza kushuka? Nilipoanza kuuliza hivyo, kila nchi ikanijibu lake.

Nianze na Wamarekani, kwa sababu kwao kimo cha mtu kilizaliwa na gari. Mwaka 1964 Hasbro walitoa askari aitwaye G.I. Joe, wa inchi 12, yaani sentimita 30. Walihofu kwamba hakuna atakayemnunulia mvulana mdoli, kwa hiyo wakambandika jina jipya lenye maana ya sanamu ya vitendo, na jina hilo ndilo linalotumika hadi leo kwa jamii nzima ya vitu hivi. Kimo cha Joe kilikuwa cha kuvalishwa: mtoto alimbadilisha magwanda, buti na kofia, kama dada yake alivyombadilisha Barbie magauni. Lakini mtu wa sentimita 30 ana gharama yake. Jipu lake ni kubwa kama beseni, na chombo cha anga kinachomfaa kingedai chumba chake. Kampuni ya Kenner ya Cincinnati ilipopata haki ya kutengeneza midoli ya Star Wars, mkononi ilikuwa na filamu iliyojaa vyombo vya anga. Inasimuliwa kwamba mkuu wake, Bernard Loomis, alinyoosha kidole gumba na cha shahada, akaonyesha nafasi iliyo kati yake, akauliza kama mtu hawezi kuwa hivyo. Ikawa inchi tatu na robo tatu, karibu sentimita tisa na nusu, na mwaka 1978 midoli hiyo ikaingia madukani. Hawakumpima Luke Skywalker kisha wakamjengea chombo. Walikadiria chombo kitakachoenea mezani, kisha wakamkata Luke akitoshee.

Waingereza walikuwa wameshaifanya hesabu hiyo zamani. Askari wa risasi wa William Britain, walioanza kuuzwa London mwaka 1893, walikuwa na milimita 54, kimo kilichooana na treni za kuchezea za enzi hizo. Wajapani nao walifika kwenye udogo kwa njia yao, na njia hiyo ilipitia kwenye bomba la mafuta. Takara, waliokuwa na leseni ya G.I. Joe, walitoa mwaka 1972 mdoli wa kimo kilekile mwenye mwili angavu unaoonyesha mitambo ndani, wakamwita Henshin Cyborg. Mwaka uliofuata bei ya mafuta ikapanda dunia nzima, na plastiki ni mafuta. Mwaka 1974 mdoli huyo akazaliwa upya akiwa na sentimita kumi hivi, kwa jina la Microman, na udogo ule ukamfungulia ulimwengu wa magari na ngome. Mego wa New York wakamleta Marekani mwaka 1976 kwa jina la Micronauts. Hao Mego ndio waliokuwa wakiuza Batman na Spider-Man wa inchi nane tangu mapema miaka ya 1970, na ndio waliofuatwa kuhusu Star Wars wakakataa. Walikuwa na mtu mdogo mkononi na filamu mlangoni, na hawakuvikutanisha.

Kwa Wamarekani, basi, kiti huuzwa kitupu, na kiti kitupu ni deni. Unanunua gari la Batman, halafu unamnunua Batman. Nyuma ya kadi za kwanza za Kenner za mwaka 1978 zilichapishwa picha za midoli yote kumi na miwili, na mtoto aliyekuwa na watano alijiona amepungukiwa na saba. Utaratibu huo ukahamia kwa mashujaa wa katuni na filamu zao: Batman wa Toy Biz mwaka 1989, Batman Returns ya Kenner mwaka 1992, kisha Hasbro na vimo vyao vidogo kwa Iron Man 2 mwaka 2010, Thor na Captain America mwaka 2011, na The Avengers mwaka 2012. Gari la Batman Returns nalipenda kuliko yote ya enzi hiyo. Ukibonyeza, mbavu zake zinadondoka kushoto na kulia, linabaki kombora jembamba linalopita penye uchochoro, kama kwenye filamu. Batman mwenyewe unamwingiza na kumtoa upendavyo, ingawa joho lake ni kikwazo cha kudumu. Joho la plastiki humfanya shujaa akae kama mtu aliyevaa mlango, la kitambaa humwacha akae kama binadamu. Wakusanyaji wanajua uzito wa tofauti hiyo. Jawa wa kwanza wa Kenner, kiumbe wa Star Wars, alivalishwa joho la plastiki, wakalibadilisha upesi kwa la kitambaa, na leo lile la plastiki, lililoonekana duni, ndilo la bei kubwa.

Sasa vuka bahari uende Swansea, Wales, yalikotengenezwa magari ya kuchezea ya Corgi. Gari lao la Batman la mwaka 1966 ni la chuma, linajaa kiganja, na uzito wake unausikia mara tu unapolinyanyua. Mbele lina msumeno unaochomoza kukata minyororo, nyuma ndimi za moto zinazocheza gari likisukumwa, na vikombora vidogo vya plastiki ambavyo nusu ya watoto wa Uingereza walivipoteza chini ya makochi. Batman na Robin wamo ndani, lakini hawashuki. Wamepachikwa kwenye viti tangu kiwandani. Hakuna kadi inayokuambia umepungukiwa na nani, kwa sababu hujapungukiwa na mtu: umenunua tukio zima likiwa limekamilika. Mwaka mmoja kabla, Corgi hao walitoa Aston Martin ya James Bond, wakaipaka rangi ya dhahabu ingawa ya filamu ni ya fedha. Bond yumo usukanini na hatoki. Anayetoka ni adui: bonyeza kitufe, paa linafunguka, na kiti cha abiria kinamrusha nje. Mabanda umiza yetu ya video yana kanuni isiyoandikwa kwamba steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Corgi waliongeza kanuni yao, kwamba steringi hashuki.

Ukilinganisha mila hizi mbili, rahisi kusema kwamba Wamarekani walimpa mtoto uhuru na Waingereza wakamnyima. Sioni hivyo. Mdoli wa Kenner mwenye viungo vitano tu, shingo, mabega na nyonga, anaweza kuingia popote, na kwa hiyo hana mahali pake hasa. Batman wa Corgi hana kiungo hata kimoja, lakini ana kazi, gari na mwenzake pembeni. Mmoja ni kibarua huru anayehama kutoka chombo hadi chombo, mwingine ni dereva wa shirika mwenye sare na njia yake. Kila mmoja ana heshima yake.

Ujapani kuna jibu la tatu, nalo ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Mwaka 1974 Popy, kampuni tanzu ya Bandai, walitoa roboti wa Mazinger Z katika mfululizo walioupa jina la Chogokin, yaani aloi bora, jina lililotoka ndani ya hadithi yenyewe ya Go Nagai. Ni kipande kizito cha zinki chenye ngumi zinazoruka. Dereva wa Mazinger ni kijana Koji Kabuto, na kiti chake kimo kwenye chombo kidogo kinachoruka na kutua utosini mwa roboti. Kwenye mdoli chombo hicho kipo kichwani, lakini Koji mwenyewe humwoni. Kwa kimo kile angekuwa mdogo kama punje ya ulezi. Hapo gari na shujaa wamekuwa kitu kimoja, na dereva amegeuka wazo: akili iliyopandishwa juu ya mwili wa chuma. Mmarekani alimpunguza mtu ili aingie kwenye chombo. Mjapani alikikuza chombo mpaka kikawa mtu.

Ushahidi mzuri wa tofauti hiyo ni Spider-Man mwenyewe. Kampuni ya filamu ya Toei ilipopata ruhusa ya Marvel kumtumia, mwaka 1978 ilimtoa kwenye televisheni ya Japani akiwa kijana mwendesha pikipiki aitwaye Takuya Yamashiro. Spider-Man wa New York hana gari. Anaruka kwa utando wake, na mtengeneza midoli anayetaka kumuuzia chombo hulazimika kusingizia. Wa Japani alipewa gari la kuruka, GP-7, na juu yake akapewa Leopardon, roboti mkubwa kama jengo, ambaye Popy walimuuza akiwa wa chuma. Kuna wanaoucheka mfululizo huo. Mimi nauona ni tafsiri makini: Wajapani walimchukua shujaa mgeni, wakagundua kwamba hana mwili wa pili, wakampa. Mwaka uliofuata Toei waliingiza roboti mkubwa katika mfululizo wa Battle Fever J, desturi ikashika, na miaka ya 1990 ikarudi Marekani na dunia nzima, Dar es Salaam na Nairobi zikiwemo, kwa jina la Power Rangers. Mtoto wa Mikocheni aliyekuwa akililia roboti wa Power Rangers alikuwa, bila kujua, anamlilia mjukuu wa Spider-Man wa Kijapani.

Meksiko nitaipitia haraka, kwa sababu huko gari halina nafasi kubwa. Shujaa wao wa filamu ni mpigana mieleka mwenye kinyago, na mkuu wao ni El Santo, aliyecheza filamu zaidi ya 50 na kuzikwa na kinyago chake cha fedha mwaka 1984. Midoli ya wapiganaji hawa inauzwa sokoni kwa bei ya peremende: kalibu moja ya mwili, plastiki ngumu, na kinyago kilichopakwa rangi kwa brashi. Blue Demon na Santo wana mapaja yaleyale na kifua kilekile. Kinachowatenganisha ni rangi ya uso. Hawakai, hawapandi, hawahitaji kiti. Chombo chao ni ulingo. Mkusanyaji aliyezoea kuhesabu viungo atawadharau, na atakuwa amekosea, maana katika mieleka ile kinyago ndicho mtu.

Nirudi kwenye Quinjet yangu. Niliipeleka kwa dada yangu siku ya Jumapili, na binti yake wa miaka tisa akaizungusha mikononi, akamchomoa Kapteni, akamtazama.

"Mjomba, siye huyu," akasema. "Kwenye picha aliyeshuka na pikipiki ni yule dada."

Alikuwa sahihi. Katika Age of Ultron anayedondoka kutoka tumboni mwa Quinjet akiwa juu ya pikipiki ni Natasha Romanoff, yaani Black Widow, aliyechezwa na Scarlett Johansson. Seti ya Hasbro ina pikipiki inayofyatuka vilevile, lakini juu yake wakamweka Captain America. Mwaka ule jambo hili lilizua kelele, na Mark Ruffalo, Hulk wa filamu hiyohiyo, aliwaomba Marvel hadharani watengeneze vitu vingi zaidi vya Black Widow kwa ajili ya mabinti zake na wapwa zake. Mwaka uliofuata Shane Black, mwongozaji wa Iron Man 3, alieleza kwamba adui mkuu katika mswada wake alikuwa mwanamke, akabadilishwa kuwa mwanamume kwa hoja kwamba mdoli wa kike hautauzika vizuri. Tulidhani mdoli unaifuata filamu. Kumbe wakati mwingine mdoli ndio unaoshika usukani na filamu inakaa nyuma.

Hapo ndipo kiti kitupu cha Wamarekani kinapoonyesha sura yake ya pili. Kama kiti ni cha yeyote, mtu lazima aamue nani anauzwa pamoja nacho, na uamuzi huo hufanywa mezani, mbali na mtoto. Hata pale mambo yalipokwenda vizuri zaidi, hesabu ile haikuondoka. Mwaka 2018, Black Panther ilipotoka, Hasbro walimtengeneza Nakia wa Lupita Nyong'o, Mkenya aliyezaliwa Meksiko, katika mfululizo wao wa inchi sita. Okoye, jenerali wa Wakanda, naye alikuwamo, lakini hakuuzwa akiwa mzima. Aligawanywa vipande: mguu kwenye boksi la huyu, mkono kwenye boksi la yule, na aliyemtaka alilazimika kununua boksi baada ya boksi mpaka amuunge. Wakusanyaji huu ni utaratibu wao wa kawaida, wamewaunga hivyo majitu wengi wa kiume, na wengine huona kuungwa hivyo ni cheo, maana ndiye kila boksi linamhitaji. Nalikubali hilo. Bado niliona ajabu kidogo kumkuta jenerali wa jeshi zima akiwa goti ndani ya mfuko wa nailoni.

Kimo hicho cha inchi sita, nikiongeza kwa kupita, ndicho kilichoviua vyombo. Hasbro walipowafuata wakusanyaji watu wazima wanaotaka sura inayofanana na mwigizaji hadi kope, mdoli ukarudi kukua, na ndege inayomfaa mtu wa inchi sita haiingii kwenye rafu wala mfukoni mwa mzazi. Rafu za leo zimejaa watu wasio na usafiri.

Wa kale walilijibu swali la kiti kwa namna isiyo na mzaha. Mwaka 1920 Herbert Winlock, akichimba Thebes, Misri, kwa niaba ya jumba la makumbusho la Metropolitan la New York, alikuta katika kaburi la Meketre, mkuu wa miaka karibu 4,000 iliyopita, chumba kidogo kilichojaa vielelezo vya mbao: zizi, kiwanda cha mkate, ghala, na mashua zenye wapiga makasia wa urefu wa kiganja. Nusu viko Cairo, nusu viko New York. Ukitazama picha zake utaapa kwamba mtu wa Kenner alipita pale: watu wamepimwa kwa chombo, kila mmoja ana nafasi yake. Katika mashua ya safari abiria ni Meketre mwenyewe, amekaa kivulini ananusa ua la yungiyungi. Aliyeamua nani apande ndiye aliyepanda. Na hata tamaa ya kukamilisha seti ilikuwapo. Katika zama za baadaye Mmisri tajiri alizikwa na sanamu ndogo za watumishi, ushabti, 365 kwa siku za mwaka na wasimamizi 36 juu yao, jumla 401. Tutankhamun alikutwa na 413. Tofauti ni kwamba mkusanyaji wa Misri alikamilisha mkusanyo ili aende nao, na wa leo anakamilisha ili wanawe waje kuuza.

Kwetu, gari la kuchezea nililolijua mimi halikuwa na kiti kabisa. Nimekulia Kilosa, kati ya reli na mashamba ya mkonge, na magari yetu yalitokana na vilivyokuwapo: bodi ya waya wa uzio uliokatika, au mlingoti wa mkonge uliokauka, mwepesi kama mkate, magurudumu ya ndala kuukuu, yaliyochongwa kwa wembe kwa kufuata mduara wa kopo, ekseli ya spoku ya baiskeli, viungo vyote vimefungwa kwa mpira wa tyubu. Kazi ngumu ilikuwa usukani. Fimbo ndefu ilipanda kutoka ekseli ya mbele mpaka usawa wa kifua chako, juu yake mviringo wa waya, na ikiwa fundi wako anajua kazi, ukizungusha juu magurudumu ya mbele yanakata kona kweli. Kaka mmoja jirani alikuwa na lori la Scania lenye springi za waya, lililobeba mchanga halisi na kuumwaga kwa kuinua bodi. Tulimlipa maembe atuachie kuliendesha kutoka kisimani hadi stesheni.

Dereva alikuwa nani? Alikuwa wewe. Ulikimbia nyuma ya gari, mikono usukanini, mdomo ukifanya kazi ya injini, honi, breki ya upepo na konda anayeita abiria. Hakuna aliyefikiria kuchonga mtu mdogo wa kuweka ndani, kama vile mpishi hafikirii kuchonga mtu wa kula. Sitaki kuimba ule wimbo wa umaskini unaozaa ubunifu; tungepewa Batman wa Corgi tungemchukua mbio, na lori lile la Scania lingelala mvunguni. Ninachosema ni cha kiufundi zaidi. Gari la waya lilipimwa kwa kimo cha mtoto mwenyewe, urefu wa fimbo ukifuata kifua chake, na ndiyo maana halihitaji kimo kingine chochote. Mwaka ulioongezeka urefu, ulikata fimbo mpya.

Ndiyo maana pia halikusanyiki. Magari yetu yalivunjwa yakawa magari mengine, waya wa basi la Januari ukawa tingatinga la Juni. Yanayokusanywa ni yale yanayotengenezwa kwa ajili ya wageni, Land Rover safi za waya zinazouzwa kwenye masoko ya utalii ya Nairobi na Arusha, na mengi ya hayo fimbo hayana: yamekatwa yaenee kwenye sanduku la ndege na baadaye kwenye rafu ya Munich au Toronto. Gari lililoondolewa fimbo limeondolewa dereva. Kwa upande wa pili, mdoli wa Marekani uliovunja rekodi mnadani mwaka 2024, kwa dola 525,000, ni sampuli ya Boba Fett wa Star Wars anayerusha roketi, ambayo haikuwahi kuuzwa kwa mtoto hata mmoja kwa kuhofia kwamba roketi ingemkaba koo. Soko la wakusanyaji, huko na huku, hulipa zaidi kwa kitu ambacho hakuna aliyekiendesha.

Mimi ni mmoja wao, sijitoi. Kabati langu lina Batman wa 1992 kwenye kadi yake, ganda la plastiki limeanza kugeuka manjano, na sina mpango wa kumfungua. Lakini nikiulizwa ni mila ipi iliyomtendea haki anayecheza, nitaweka mbele Wajapani kwa ujasiri wa fikra, Corgi kwa ufundi wa mikono, na gari la waya kwa kuwa ndilo pekee ambalo hakuna kampuni iliyowahi kuketi kuamua nani aliendeshe. Kenner na Hasbro nawapa nafasi ya pekee kwa kosa lao lenye faida: walipouza kiti kitupu, walisahau kukifunga.

Quinjet haikurudi kwangu. Iko kwa dada yangu, juu ya friji. Kapteni amehamishiwa kiti cha nyuma, pikipiki haikuwamo kwenye fungu, na hilo ndilo ombi langu kwa msomaji: ukiiona Karume, Tandika au Gikomba, ndogo ya kutosha kupotelea kwenye ngumi, iweke kando, nitalipa utakachotaja. Dereva tunaye. Mpwa wangu alimweka siku ileile kwenye kiti cha mbele: kijiti cha kiberiti, kichwa chekundu.